Pua ya uzi: mambo ya kujua kabla ya kukubali sindano

Desemba ikikaribia, wana wa Moshi, Marangu, Machame na Rombo walioko mikoani huanza kurudi nyumbani kwa Krismasi. Harusi, vipaimara na sendofu hufuatana, na saluni hujaa. Katika msimu kama huu, swali jipya limeongezeka kwenye yale ya kope na kucha: je, ni kweli pua inaweza kuchongoka na mashavu kunyanyuka ndani ya saa moja, bila kisu, kwa nyuzi tu?

Jibu fupi ni kwamba uso unaweza kunyanyuka kweli, ila kwa muda. Na kukosekana kwa kisu hakumaanishi kukosekana kwa hatari. Kwa pua hasa, hatari ni kubwa kuliko faida.

Uzi hufanya nini?

Nyuzi nyingi za urembo hutengenezwa kwa polidioksanoni, kwa kifupi PDO. Si kitu kigeni hospitalini: madaktari wameshonea nyuzi za aina hii ndani ya mwili tangu miaka ya 1980, kwa kuwa huyeyuka zenyewe katika muda wa takriban miezi 6. Zipo nyuzi laini na zipo zenye vimiba pembeni. Hizo za vimiba zilipata umaarufu kupitia daktari Marlen Sulamanidze, aliyebuni nyuzi za Aptos katika miaka ya 1990. Baadaye kliniki za Korea Kusini zilisambaza matumizi ya PDO usoni na puani.

Mgonjwa huchomwa ganzi, kisha uzi hupitishwa chini ya ngozi ndani ya sindano au mrija mwembamba. Shavuni, vimiba hushika tishu zilizolegea na kuzivuta juu. Puani, nyuzi kadhaa hulazwa juu ya mwamba wa pua, na nyingine husimamishwa kati ya matundu mawili ili kuinua ncha. Mwili hukizingira kitu hicho kigeni kwa kujenga kolajeni, yaani nyuzinyuzi zinazoipa ngozi uimara.

Mkulima wa Kibosho huegemeza mti kwenye mgomba uliolemewa na mkungu. Mti ukioza, mgomba huinama tena. Uzi nao ni mwegamo wa namna hiyo. Kolajeni inayobaki husaidia kidogo, lakini sehemu kubwa ya mabadiliko hupungua ndani ya mwaka. Atakayetaka kuyadumisha atalipa tena na kuchomwa tena.

Kwa nini pua ina shida yake

Pua za wengi wetu zina ngozi nene yenye tezi nyingi za mafuta kwenye ncha, gegedu laini, na mabawa mapana. Uzi hauwezi kupunguza upana wa mabawa. Kuinua ncha nzito juu ya gegedu dhaifu kunahitaji nyuzi nyingi au ngumu zaidi, na kadiri zinavyosukuma ndivyo ngozi ya ncha inavyobanwa kutoka ndani. Ndiyo maana moja ya madhara yanayojulikana ya pua ya uzi ni uzi kutoboa ngozi na kuchungulia nje, au ndani ya tundu la pua. Panapotoboka, bakteria huingia. Usaha ukikaa, ngozi hufa, na kovu linaloachwa huiharibu pua kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Kuna jambo zito zaidi. Mishipa ya vena ya pua na mdomo wa juu huwasiliana na mishipa iliyo ndani ya fuvu. Maambukizi ya eneo hilo kufika huko ni nadra, lakini yakifika huhatarisha maisha.

Shavuni hatari ni za namna nyingine: kuvilia damu, mabonde madogo juu ya ngozi, upande mmoja kunyanyuka kuliko mwingine, na mara chache kujeruhiwa kwa neva ya uso au njia ya mate. Mengi huisha yenyewe, lakini si yote.

Ngozi nyeusi na mkorogo

Ngozi nyeusi ina faida moja ambayo watangazaji hawaitaji: melanini huikinga dhidi ya jua, hivyo hukunjamana na kulegea kwa kuchelewa. Mwanamke wa miaka 30 mara nyingi hana kilicholegea cha kunyanyuliwa.

Lakini ngozi hiyo hiyo ni nyepesi kufanya keloidi, kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya jeraha. Kama tundu la hereni, chanjo au chunusi imewahi kukuachia kovu la aina hiyo, au ndugu wa damu analo, usikubali uzi. Pia kila jeraha dogo linaweza kuacha doa jeusi la miezi kadhaa, na jua la Moshi hulikoleza.

Mkorogo ndio unaoharibu zaidi. Krimu za kujichubua nyingi zina steroidi, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi hupunguza unene wa ngozi na kuchelewesha kupona. Uzi uliowekwa chini ya ngozi iliyochakazwa hivyo huonekana kwa nje na huchomoza kwa urahisi. Mtaalamu asiyekuuliza unapaka nini usoni hajakupima.

Nani mwenye ruhusa?

Kuingiza uzi chini ya ngozi ni tiba, na saluni si mahali pake. Daktari anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Nyuzi zenyewe ni vifaa tiba, hivyo ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), wakati vipodozi vilihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019. Omba kuona pakiti kabla haijafunguliwa: jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Uliza pia atakayekuhudumia usiku wa manane uso ukivimba ni nani. Asiye na jibu hastahili uso wako.

Mwambie daktari ukweli kuhusu kisukari, ujauzito, dawa za kuzuia damu kuganda na chunusi zenye usaha. Na ukiambiwa kwamba uzi utachanganywa na sindano ya kujaza ngozi (filler), fahamu kuwa pua ni kati ya maeneo hatari zaidi kwa sindano hiyo. Ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi au kupofusha jicho.

Dalili za kukukimbiza hospitali

Vitabu vingi husema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Gusa joto, angalia uvimbe, na sikiliza maumivu yanayozidi baada ya siku ya pili badala ya kupungua. Ngozi kupauka au kuwa na madoa ya zambarau, usaha, homa, mdomo kwenda upande au macho kuona giza ni dharura. Usivute uzi uliochomoza, usiukate kwa mkasi, wala usijipake dawa ya duka la dawa.

Wakazi wa Moshi wana bahati. Hospitali ya Mawenzi ipo mjini, na hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoanza mwaka 1992, ambacho kimefundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Nenda huko kabla ya uzi ili upate ushauri. Kama umekwisha kuwekwa na kuna tatizo, nenda mapema na useme wazi ulichofanyiwa na ulifanyiwa wapi. Aibu ikikuweka nyumbani siku tatu, daktari atapokea kidonda badala ya uvimbe.