Moshi wa gari: tuusome kabla ya kufungua injini

Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Mlima Meru inapotanda hadi Kwa Mrombo, karibu kila gari linalowashwa hutoa wingu jeupe kwenye ekzosi. Mwenye gari huingiwa na hofu, na hakosekani mpita njia wa kumwambia kuwa injini imekwisha. Tumeona vyema leo tulizungumze jambo hili katika ukurasa wa familia, kwani injini inayofunguliwa bila sababu hula ada ya shule na akiba ya nyumba, na moshi unaopuuzwa huingia vifuani mwa watoto.

Ndugu msomaji, kabla ya kumwita fundi, tazama mambo matatu: rangi ya moshi, harufu yake na wakati unapotokea.

Wingu jeupe linalotoweka baada ya dakika chache ni mvuke tu. Mafuta yanapoungua huzaa maji, nayo maji hayo hugeuka ukungu yakikutana na baridi. Huo si ugonjwa, wala hauhitaji dawa. Lakini moshi mweupe ukiendelea hata injini ikishapata moto, na maji ya rejeta yakawa yanapungua pasipo kuonekana yanakovuja, yaelekea gasketi ya silinda hedi imeungua na maji yanaingia ndani ya silinda. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, usiliendeshe tena gari hilo. Livutwe hadi gereji. Na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto, kwani maji yake huruka na kubabua uso.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Hapa ndipo familia nyingi hupoteza fedha, kwa kuwa neno la kwanza husikika kuwa ni ovahoo. Tusikimbilie huko. Kwanza tuangalie kama oili ilijazwa kupita alama, na kama njia ya kupumulia injini imeziba. Kisha tutazame wakati. Gari likishuka kutoka Ngaramtoni bila kukanyagwa mafuta, halafu likatoa pumzi ya buluu pale linapokanyagwa, au likitoa moshi huo linapowashwa asubuhi kisha likaacha, dalili zinaelekea kwenye sili za valvu. Kazi hiyo ni ndogo kuliko ovahoo. Likitoa moshi mfululizo linapopandisha kuelekea mjini, ringi za pistoni ndizo za kushukiwa. Gari lenye tabo nalo lichunguzwe tabo yake.

Fundi mwaminifu hatabisha ukimwomba apime kompresheni. Hupima kila silinda, kisha hutia oili kidogo kwenye tundu la plagi na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, huenda hewa inapotelea kwenye valvu au gasketi.

Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi na hewa ni chache. Vumbi la kiangazi katika njia zetu za Kwa Mrombo huziba filta ya hewa upesi, basi hiyo ndiyo ya kutazamwa kwanza, kwa kuwa kuibadilisha ni rahisi. Baada yake zifuate nozeli na pampu. Tukumbuke pia kuwa Arusha ipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Gari la zamani la kabureta, au la dizeli lenye pampu ya kizamani, likiwa limerekebishiwa pwani, huweza kutoa moshi mweusi huku hali si bovu. Linahitaji kurekebishwa upya tu. Magari ya kisasa hujipimia hewa yenyewe.

Kuna jambo linalogusa dini yetu moja kwa moja. Wapo wanaotia oili nzito au dawa ya kupunguza moshi siku chache kabla ya kuuza gari. Mnunuzi huondoka na gari safi, na baada ya wiki moshi hurudi. Hiyo ni kasoro iliyofichwa, nasi tunajua jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomkemea muuza chakula aliyefunika kilicholowa kwa kikavu. Muuzaji ataje kasoro, wakubaliane bei, na bei hiyo itakuwa na baraka.

Hatimaye, afya. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani. Na katika moshi wa gari lolote imo hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, iwezayo kuua katika chumba kilichofungwa. Kwa hiyo gari lisiungurumishwe ndani ya banda lililofungwa wala chini ya dirisha la wanapolala watoto. Ekzosi iliyotoboka chini ya viti izibwe kabla watoto hawajapakiwa kwenda madrasa. Na abiria akilalamika kichwa kuuma na kichefuchefu safarini, simamisha gari, fungua milango yote na mshuke nje mara moja.