Seva Pepe Inapochelewa Kuwaka

Katika toleo hili tungependa kuwaeleza wasomaji wetu tatizo lililotusumbua hapa idarani Kampala, na namna tulivyolitatua. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, kazi ya kuwaandaa walimu imepata uzito mpya. Mazoezi yao ya kusikiliza tumeyaweka kwenye seva. Siku ya mtihani umeme ulikatika mara mbili, na kila uliporudi seva ilichukua karibu dakika nne kuwaka. Karibu dakika nane za mtihani wa saa moja zikapotea hivyo.

Seva pepe ni nini?

Seva pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine, ambayo huitwa mwenyeji. Mwenyeji mmoja hubeba seva pepe kadhaa zinazogawana kichakataji, kumbukumbu na diski zake. Kwa sababu hiyo, inapochelewa, wengi hudhani imeelemewa. Nasi tulidhani hivyo, tukaiongezea kumbukumbu. Hakuna kilichobadilika.

Inafanya kazi au inangoja?

Hili ndilo swali la kuanza nalo. Seva pepe nyingi zikiwaka kwa pamoja baada ya umeme kurudi, hugombania diski ya mwenyeji. Dawa yake ni kuziwasha kwa zamu. Lakini kwetu diski na kichakataji vilikuwa vimetulia. Seva haikuwa na kazi nzito. Ilikuwa inangoja kitu.

Seva yetu inatumia Linux yenye systemd. Amri ya systemd-analyze hutaja jumla ya muda wa kuwaka, na systemd-analyze blame hupanga huduma kwa muda ambao kila moja imechukua, iliyochelewa zaidi ikiwa ya kwanza. Tulishangaa kuona hakuna huduma iliyozidi sekunde chache.

Walimu wataelewa sababu mara moja. Orodha ya waliochelewa darasani huwataja waliofika. Ambaye hakufika kabisa hayumo. Amri hiyo nayo huorodhesha huduma zilizofanikiwa kuanza. Kilichongojwa kisipatikane hutafutwa kwa journalctl -b, ambayo huonyesha matukio yote tangu seva ilipowashwa, kila moja na saa yake. Hapo tulitafuta mapengo kati ya mstari na mstari, tukapata mawili.

Pengo la kwanza lilikuwa la sekunde 90. Faili ya /etc/fstab ilitaja sehemu ya diski ya kusaidia kumbukumbu kwa namba ya utambulisho ya zamani. Diski ilipotengenezwa upya, namba ilibadilika. Seva ikawa inangoja sehemu ambayo haipo tena. Tulisoma namba mpya kwa amri ya blkid, tukasahihisha.

La pili lilikuwa la sekunde 120. Seva ilikuwa na kadi mbili za mtandao kwenye mipangilio yake, lakini moja haikuwa imeunganishwa popote. Faili zetu za sauti zimo kwenye kompyuta nyingine, kwa hiyo tovuti ya mazoezi haikuweza kuanza kabla ya mtandao kuhesabiwa kuwa tayari. Tuliiondoa kadi hiyo kwenye mipangilio.

Sasa seva huwaka kwa muda usiofika nusu dakika.

Tahadhari

Kabla ya kubadilisha /etc/fstab, tengeneza nakala yake, kwani kosa dogo humo laweza kuizuia seva isiwake kabisa. Kisha iwashe upya siku isiyo na vipindi, usisubiri umeme ukufanyie jaribio hilo. Ni matumaini yetu kwamba wenzetu wenye seva kama hii wataanza kwa kupima, ndipo waamue kama kuna haja ya kununua kifaa chochote.