Baba, kopo letu liko wapi?



Katika vigango vyetu vya Masasi na Newala, watoto wa Utoto Mtakatifu mara nyingi hukusanyika chini ya mwembe baada ya Misa, au baada ya Ibada ya Neno pale ambapo padre hakufika. Katekista hana picha wala vitabu vya kuwagawia. Ana nusu saa, na wazazi wamekwisha kwenda zao. Je, habari za Mwanzo na Kutoka zitaingiaje katika moyo wa mtoto wa miaka sita?

Vitabu vya Musa vyenyewe vinatujibu. Katika Kutoka sura ya 12, Waisraeli wanaagizwa kwamba watoto wakiuliza maana ya ibada ya Pasaka, wazazi wawaeleze. Tazama utaratibu huo: kwanza mtoto anaona jambo likitendeka, ndipo anauliza, ndipo anasimuliwa. Hata leo, usiku wa Pasaka, Wayahudi humwachia mtoto mdogo aulize maswali, na mezani pana mikate isiyochachwa na mboga chungu. Ulimi unaonja kabla sikio halijasikia.

Jambo hili si geni kwetu. Wamakonde, Wamakua na Wayao wamefundisha vijana wao katika jando na unyago kwa ngoma, mafumbo na vitendo. Vincent Lucas, askofu wa Kianglikana wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, alitambua nguvu ya mafunzo hayo, akatafuta namna ya kuyapa sura ya Kikristo badala ya kuyafuta.

Basi tuanze na kilichopo. Mtoto wa Newala anaijua thamani ya maji. Uwanda wetu hauna mito juu, na kwa miaka mingi kina mama wameteremka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Mtoto huyo hahitaji maelezo marefu juu ya Rebeka wa Mwanzo 24. Panga mawe 10 yawe ngamia 10. Weka ndoo ya maji upande mmja na beseni upande wa pili, watoto wapokezane kikombe mpaka beseni lijae. Watakapochoka, waambie kwamba Rebeka aliwanywesha ngamia wa mgeni asiyemjua, wala hakuombwa kuwanywesha. Maji hayo yasimwagwe ovyo. Yamwagilieni mche wa mkorosho.

Kwa Abrahamu, huna haja hata ya kikombe. Usiku usio na mbalamwezi, toka uani na mwanao, mwambie ahesabu nyota. Atakaposhindwa, mweleze ahadi ambayo Mungu alimpa mzee asiye na mtoto.

Lakini hadithi ninayotamani ifike kila nyumba msimu huu wa korosho ni ya Yosefu. Katika Mwanzo 41, Yosefu alishauri sehemu moja ya tano ya mavuno iwekwe akiba katika miaka 7 ya neema, kwa ajili ya miaka 7 ya njaa. Kila mtoto alete karanga kidogo. Zigawanyeni mafungu matano yaliyo sawa: manne waliwe, moja litiwe katika kopo lenye kifuniko. Fanyeni hivyo Jumapili 7, kisha kopo lisiguswe mpaka Januari.

Mzazi, hapo ujiandae. Mtoto aliyetia karanga koponi atakuja kuuliza nyumbani: "Baba, kopo letu liko wapi?" Tunajua mambo yalivyo. Mnada umefanyika, malipo yameingia, na kwa wiki chache kila kilabu cha pombe kina kelele. Januari shule zinafunguliwa, na katika nyumba ileile hakuna sare wala madaftari. Swali la mtoto litauma kuliko mahubiri yangu. Usimkaripie. Ni swali lile ambalo Musa alitaka liulizwe, nawe ndiwe uliyeagizwa kulijibu.

Hata hivyo, tusimfanye Yosefu kuwa mwalimu wa akiba tu. Ghala lake liliwafungukia pia ndugu zake, walewale waliomuuza, naye aliona mkono wa Mungu katika yote yaliyompata. Kwa hiyo, kopo likifunguliwa Januari, konzi ya kwanza asile mwenyewe; kila mtoto ampelekee mwenzake aliyegombana naye. Hapo atakuwa ameshika hadithi nzima kwa mikono yake.

Wahenga walisema, udongo upatilize ungali maji. Katekista atafinyanga nusu saa kwa juma. Siku nyingine zote udongo huo umo mikononi mwako.