Oblivion Si Jehanamu: Kweli na Uongo Kuhusu Ahera ya The Elder Scrolls

Ukiingia kibanda chochote ndani ya gemu ya Skyrim, iliyotoka mwaka 2011, huenda ukakuta kitabu mezani, na kitabu hicho kina mwandishi wake. Ubishi wote wa mashabiki unaanzia hapo. Tangu miaka ya 1990 kampuni ya Bethesda ya Marekani imekuwa ikiujaza ulimwengu wa The Elder Scrolls vitabu vilivyoandikwa na wahusika wenyewe: makuhani, wachawi, wasafiri, watu wanaokula mkate wa mfalme. Kila mmoja anavutia kwake. Shabiki anaokota sentensi moja, anaijengea ghorofa, na baada ya miaka miwili ghorofa hiyo inaitwa ukweli.

Waliosoma madrasa wanajua dawa ya jambo hili. Kabla hujaikubali riwaya, uliza kwanza imepokewa kutoka kwa nani. Kwa kipimo hicho tuyapitie madai yanayovuma zaidi kuhusu ahera ya gemu hizi. Kama hujazicheza na hutaki kuharibiwa utamu, ishia hapa.

“Oblivion ndiyo jehanamu.” Uongo, ingawa chanzo chake kinaeleweka. Gemu ya mwaka 2006, yenye jina hilohilo, ilifungua malango ya moto kila pembe ya jimbo la Cyrodiil, na kila aliyepita langoni alikuta mito ya lava na minara yenye miiba. Ila ile ni Deadlands, milki ya Mehrunes Dagon peke yake. Wakuu wengine wa Daedra, viumbe wa kiungu wanaotawala Oblivion, wana milki zao. Moonshadow ya Azura inasimuliwa kuwa nzuri kiasi cha kuumiza macho ya mgeni. Hircine ana misitu ya kuwindia. Shivering Isles za Sheogorath, zilizokuja kama nyongeza mwaka 2007, nusu yake ni rangi za kuwaka na uyoga mkubwa kama miti, nusu nyingine ni kinamasi cha huzuni. Anayetaka jehanamu ya kweli akaitafute Coldharbour kwa Molag Bal. Tena, roho haipelekwi Oblivion kwa sababu ya dhambi. Inapelekwa kwa sababu ilifungwa huko. Mzee Kodlak wa Companions, kundi la wapiganaji huko Skyrim, ni mtu mwema kabisa, lakini anaogopa kufa kwa kuwa damu ya mbwa-mwitu mwilini mwake inamfanya kuwa mali ya Hircine.

Dai la pili ni tamu zaidi, na ndilo linalonikera zaidi: kwamba hata Nirn, dunia wanamoishi wahusika, ni milki mojawapo ya Oblivion, na aliyeiasisi, Lorkhan, alikuwa mkuu wa Daedra aliyesalitiwa. Watu huliandika kana kwamba limegongwa muhuri. Sasa tumtazame mpokezi. Anayelisema ni Mankar Camoran, kiongozi wa wafuasi wa Dagon, karibu na mwisho wa gemu ya 2006. Umeingia katika pepo aliyoitengeneza mwenyewe, unapanda kuelekea kasri lake, na sauti yake inakufuata njia nzima ikihutubia. Anazitaja milki za Oblivion moja baada ya nyingine ili aiweke Tamriel, bara la Nirn zinamochezwa gemu hizi, miongoni mwake. Sikiliza vizuri orodha hiyo. Coldharbour anampa Meridia, na hali kila kitabu kinasema ni ya Molag Bal. Quagmire anampa Peryite. Ni ya Vaermina. Moonshadow anampa Mephala. Ni ya Azura.

Mtu anayekosea majina matatu ya wenye nyumba hawezi kuaminiwa kuhusu hati ya nyumba ya nne. Wapo wanaomtetea kwamba waandishi wa gemu ndio walioteleza. Huenda, ila kuteleza mara tatu katika pumzi moja ni kwingi. Na kuna ushahidi usiohitaji kitabu chochote: pepo yenyewe. Aliwaahidi wafuasi wake bustani, nao utawakuta humo wakiwindwa na kuuawa, kisha wakifufuliwa ili wauawe tena. Mmoja wao, Eldamil, anakugeukia akuombe msaada wa kumwangusha bwana wake. Mhubiri anayewadanganya hata waliokwisha kufa kwa ajili yake, mimi simpokelei riwaya.

Linalofuata hupenda kusemwa usiku wa manane: dunia nzima ya gemu ni ndoto ya mungu aliyelala. Hapa nasema nusu. Mbegu yake imo katika Masomo 36 ya Vivec, vitabu vilivyotiwa ndani ya gemu ya Morrowind mwaka 2002 na kuandikwa na Michael Kirkbride. Lakini sehemu kubwa ya maelezo yanayonukuliwa leo Kirkbride aliyaandika nje ya gemu, na hayakuwahi kuingizwa ndani. Msimulizi naye ni Vivec, mtu aliyejifanya mungu, na katika masomo hayohayo ameficha ungamo la mauaji. Isome kwa raha zako, ila usimbishie mwenzako ukiwa umeshika hiyo tu.

Eti Sovngarde, ahera ya mashujaa wa Wanord, inawapokea wa upande mmoja tu wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Skyrim? Uongo. Mfalme Torygg, aliyeuawa na Ulfric, kiongozi wa waasi, yumo katika ukungu wake. Na Ulfric mwenyewe, ukishamuua, utamkuta humohumo.

Kuhusu vito vya roho, dai la kutisha ndilo la kweli. Wachezaji wengi huvichukulia kama betri: unanasa roho, unaitia katika upanga, basi. Nyongeza ya Skyrim iitwayo Dawnguard, ya mwaka 2012, inakupeleka Soul Cairn kuona zinakoishia roho za watu zilizonaswa katika vito vyeusi, zikizurura milele chini ya watawala wanaoitwa Ideal Masters. Mmoja utakayemkuta huko ni Jiub. Aliyecheza Morrowind atamkumbuka: ndiye Mdunmer mwenye kovu jichoni anayekuamsha ndani ya meli na kukuuliza jina lako. Baadaye alitukuzwa kama mtakatifu kwa kuwafukuza cliff racer, wale viumbe wenye mabawa waliotutesa sote. Roho yake ilinaswa Kvatch siku mji ulipovamiwa, na miaka 200 baadaye anachokuomba ni umtafutie kurasa 10 za kitabu cha maisha yake.

Sheogorath wa Skyrim ndiye shujaa uliyemwongoza wewe mwenyewe mwaka 2006? Kweli. Shivering Isles inakwisha kwa mchezaji kukalia kiti chake, na huko Skyrim, akiwa ndani ya akili ya mfalme kichaa Pelagius, anadokeza kwamba katika sakata lile la 2006 alikuwepo, kisha anataja mbweha na kichwa kilichokatwa. Hizo ni kumbukumbu za aliyezimaliza misheni za wezi na za wauaji wa Dark Brotherhood.

Linabaki la Dwemer, taifa zima lililotoweka mara moja pale mhandisi wao mkuu, Kagrenac, alipougusa Moyo wa Lorkhan kwa vifaa vyake. “Walihamia ulimwengu mwingine,” wanasema baadhi. “Waligeuka kuwa ngozi ya mungu wa shaba, Numidium,” wanasema wengine. Skyrim imeongeza kidokezo kimoja: mchawi Arniel Gane anapiga kito kwa Keening, kimojawapo cha vifaa hivyo, naye anatoweka mbele ya macho yako. Hukumu: haijathibitishwa, kwa pande zote mbili. Shahidi pekee aliye hai ni Yagrum Bagarn, aliyekuwa safarini katika ulimwengu wa nje siku hiyo, akarudi akakuta miji mitupu. Yuko Morrowind, chini kabisa ya mnara wa Tel Fyr, mnene kwa ugonjwa, akitembelea miguu ya mashine mfano wa buibui, na atakwambia waziwazi kwamba hajui. Shuka ukamsikilize kabla hujaandika nadharia nyingine, na ukiwa huko usiwapige wagonjwa wengine: mwenye mnara, Divayth Fyr, amekataza.