Msonobari Mgeni Katika Nyanda za Juu za Nakuru

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Molo kwa njia ya Elburgon huona misitu iliyopandwa kwa mistari, na pengine hudhani kwamba misonobari ile ni miti ya nchi hii tangu zamani. Sivyo. Miti ya asili ya huku ni mtarakwa na podo. Msonobari uliletwa wakati wa ukoloni, kwa kuwa hukua upesi.

Mmoja uliotumainiwa sana ni ule ambao wataalamu huuita Pinus radiata. Kwao ni mahali padogo mno: sehemu tatu tu za pwani ya California, nchini Marekani, na visiwa viwili vya Mexico, Guadalupe na Cedros. Lakini ugenini umestawi kuliko nyumbani, na huko New Zealand ndio sehemu kubwa ya misitu yote iliyopandwa.

Hapa Kenya kazi ya kuupanda ilifanywa na wakulima wa msituni. Kila jamaa ilipewa kipande cha msitu uliokatwa, ikalima mahindi, maharagwe na viazi, na katikati ya mimea hiyo ikapanda miche ya Serikali na kuipalilia kwa muda wa miaka mitatu hivi, mpaka kivuli kilipozuia kilimo. Utaratibu huo ulianza yapata mwaka 1910.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 yakaingia maradhi, ambayo yalikwisha kuonekana Tanganyika mwaka 1957. Kuvu iitwayo Dothistroma huyashika majani yale membamba kama sindano na kuyatia mapete mekundu. Kisha hukauka na kupukutika. Kuvu hii hupenda unyevu, na nani asiyejua ukungu wa Molo? Miti michanga ndiyo iliyoumia zaidi, yaani ile iliyotoka mikononi mwa wapaliliaji juzi juzi.

Wataalamu wa Muguga waliyachunguza maradhi hayo, na dawa ya shaba ikajaribiwa. New Zealand waliweza kuinyunyiza kwa ndege. Kwetu ikaonekana heri kuuacha mti wenyewe. Kwa maoni yangu, kosa halikuwa kumkaribisha mgeni, bali kumtegemea mno.

Mahali pake pakachukuliwa na patula, msonobari wa Mexico ambao majani yake huning'inia kama nywele, na pia na saiprasi. Huo saiprasi nao, mwaka 1990, ukavamiwa na vidukari.