Springi za kurekebishwa: mtaji usilale dukani

Katika biashara ya vipuri vya magari madogo yaliyotumika kutoka Japani, springi zinazopandishwa na kushushwa zina mtego. Seti moja ni ghali kuliko springi za kawaida, na ikikosa gari lake hulala dukani pamoja na mtaji.

La kwanza ni namba ya chasisi. Toyota Vitz SCP10, iliyoanza mwaka 1999, si KSP90 ya mwaka 2005, ingawa jina ni moja.

La pili ni ugumu, unaopimwa kwa kilo kwa kila milimita. Springi ya kilo 3 ikiongezewa mzigo wa kilo 60 hushuka milimita 20. Ya kilo 6 hushuka 10 tu. Ngumu inafaa lami laini. Kwenye makorongo humrusha abiria, na shokapu isiyolingana nayo hufa mapema.

Nati ya kurekebishia hubadili kimo cha gari; ugumu wa springi unabaki uleule. Gari likishushwa, tumbo hukaribia matuta.

Mnunuzi wa seti iliyotumika akague meno ya nati. Yakishikwa na kutu nati haizunguki, na atakuwa amelipia marekebisho asiyoyapata. Abadilishe springi kwa jozi, kisha magurudumu na taa za mbele zipimwe upya.

Kwa mwenye duka, oda ya mteja aliyetanguliza nusu ya bei ni salama kuliko shehena ya kubahatisha.