Samaki Aliyechorwa Mchangani

Kigombe ni kijiji cha wavuvi kilicho kusini ya mji wa Tanga, katika njia iendayo Pangani. Maji yakupwapo, watoto hushuka pwani. Wengine huchezea ngalawa ndogo walizochonga wenyewe, zenye matengo mawili na tanga la kitambaa kikuukuu. Wengine huchora mchangani kwa kidole. Hawalipwi ujira, nao wajua ya kuwa maji yakijaa yatafuta yote. Hata hivyo huchora kwa moyo wote.

Mimi nilizaliwa milimani, na nilipofika huku kufundisha sikuwajua samaki. Siku moja nilimwona mtoto akichora samaki mwenye macho mawili upande mmoja. Nikacheka, nikamwambia, "Hakuna samaki wa namna hii." Akafuta mchoro wake kwa unyayo, asiseme neno.

Baadaye mvuvi mmoja akanionyesha gayogayo. Samaki huyu ni bapa, naye hulala ubavu mchangani. Aanguliwapo ana jicho moja kila upande, kama samaki wengine. Lakini akuapo, jicho moja huhama polepole hata likafika upande wa pili, na yote mawili hutazama juu. Basi mtoto alichora alichokiona, na mwalimu alicheka asichokijua. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Lakini ilipita miezi kabla hajachora tena.

Wako watu wazima waliolitunza jicho la kitoto. Edward Saidi Tingatinga alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kwenda Dar es Salaam. Huko, mwaka 1968, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya mraba, ingawa hakusomea uchoraji. Alifariki mwaka 1972, lakini michoro ya namna ile yaitwa kwa jina lake hata leo.

Twasoma katika kitabu cha Mwanzo ya kuwa Mungu alivitazama alivyoviumba, akaona ni vyema. Mtoto naye amalizapo kuchora hurudi nyuma hatua moja, akatazama, akafurahi. Furaha ile ni mfano mdogo wa furaha ya Muumba. Naye aichekaye huzima taa asiyoiwasha yeye.

Basi, ninyi mlio wakubwa, mdogo wenu akiwaonyesha mchoro wake, msicheke. Mwulizeni kwanza, "Umeona nini?"